X ya kijani kwenye nyumba ya mama: hesabu kwanza, dole gumba baadaye

Mkuu, unauliza kama bi mkubwa atalipwa hapo Tongoni, nyumba imepigwa X ya kijani kupisha barabara ya Pangani na hati hana. Anastahili kulipwa. Ingekuwa nyekundu tungeongea mengine: ile maana yake umejenga ndani ya eneo la zamani la hifadhi ya barabara, mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, unabomoa bila fidia. Kijani ni zile mita 7.5 zilizoongezeka kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Hapo barabara ndiyo iliyomfuata mama.

Hati isiwatishe. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo mwaka 1994, kesi ya Lohay Akonaay: ardhi ya kimila nayo ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Serikali inaweza kuitwaa, ila kwa sheria na kwa "fidia inayostahili".

Sisi yalitukuta njia hiyohiyo ya Pangani. Bibi alipigwa picha mlangoni kashika kibao cha namba kama mahabusu (kavaa kanga mpya, alidhani ni sensa). Minazi ikahesabiwa mbiombio. Fomu ya kusaini ilipokuja, imeandikwa minazi 14! Mimi na mjomba tukaingia shambani na kopo la chokaa, kila mnazi tukiuhesabu tunaupaka. Ikatoka 23. Tukamwita mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Mthamini akarudi, kanuna, lakini akarekebisha.

Tena fomu ilikuwa na nyumba na mazao tu. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zina posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara 36. Hiyo ya 36 wengi hawaijui, wakati kwetu ndiyo iliyosimamisha msingi wa nyumba mpya. Na kama mama anauza maandazi barazani, daftari lake la mauzo litunzwe, faida inayopotea nayo inadaiwa.

Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, kuna riba. Sisi tuliidai kwa barua, nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuondoka bila muhuri.

Fomu ipige picha kurasa zote kabla mama hajaweka dole. Ukikwama kwenye hesabu ya 36, weka hapa kiasi cha kodi za huko Tongoni, tupige pamoja.