Mizizi Mitamu, Presha Juu: Majibu Kuhusu Chai ya Likorisi

Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu chai ya mizizi ya likorisi, ambayo baadhi ya wauzaji wa dawa za asili huiita urukususu. Nimechagua machache.

Nina vidonda vya tumbo. Jirani anasema alipona kwa likorisi. Ninywe? (Isevya, Tabora)

Tumbo linaweza kutulia kweli. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi aitwaye Revers aliripoti kwamba wagonjwa wake wa vidonda walipata nafuu kwa likorisi. Akaeleza pia kwamba baadhi yao walivimba, na hilo wauzaji wetu hawalisemi. Halafu kutulia si kupona. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria wa Helicobacter pylori, au na mazoea ya kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila mgongo unapouma baada ya kuvuna tumbaku. Bakteria huyo anapimwa kwa choo. Akionekana unapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, pamoja na antibiotiki, na unamaliza dozi. Ukiona choo cheusi kama lami, achana na chai, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dozi ni kiasi gani? (wengi mno)

Swali hili linakuja bila umri, bila presha, bila kutaja dawa unazotumia. Siwezi kulijibu hivyo, na muuzaji anayelijibu hivyo mkimbieni. Mtu mzima mwenye afya, aliyepimwa presha ikaonekana iko sawa, kikombe kimoja chepesi kwa siku chache kwa kawaida hakimdhuru. Hatari iko kwenye ile sufuria inayochemka tangu asubuhi, mizizi haitolewi, nyumba nzima inachota hadi usiku. Wataalamu wa Ulaya waliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku za glisirizini, kemikali inayoipa mizizi utamu wake. Mzizi wa sokoni haukuambii una kiasi gani.

Natumia vidonge vya presha. Kidogo tu haina shida? (Nzega)

Usinywe. Glisirizini inazuia kimeng'enya cha kwenye figo kinachoidhibiti homoni ya kotisoli. Isipodhibitiwa, figo zinashika chumvi na maji, potasiamu inapotelea kwenye mkojo, na presha inapanda huku ukimeza vidonge vyako kila siku bila kuruka. Kama kimojawapo ni cha kukojosha, mfano furosemidi, potasiamu inapotea maradufu: misuli inalegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, waliripoti kifo cha mwanamume wa miaka 54 aliyekuwa akila peremende za likorisi kila siku kwa wiki kadhaa. Peremende tu!

Linaloniuma zaidi ni kuficha. Nesi anauliza, "Unatumia dawa nyingine?" Mgonjwa anasema hapana, kwa sababu kwake mizizi si dawa. Daktari anaongeza vidonge, wala hajui kwamba kinachopandisha presha kimo kwenye chupa ya chai nyumbani. Semeni! Hata kama mnaogopa kugombezwa, semeni.

Nina mimba ya miezi mitatu, kichefuchefu kinanisumbua. Inafaa? (Urambo)

Hapana, dada yangu. Finland, wanakopenda sana peremende za likorisi, wajawazito wanashauriwa waziache. Kula kidogo kidogo, jaribu tangawizi kiasi. Kama hata maji hayakai tumboni, nenda kliniki leo.

Kwa kikohozi, nichanganye na asali? (Sikonge)

Asali yetu peke yake inatosha, kijiko kimoja kabla ya kulala. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe kabisa. Na kikohozi kilichofika wiki 2 hakitafutiwi chai, kinapimwa kifua kikuu.

Nimeambiwa mturituri ndiyo likorisi ya porini. Nichimbe? (Kaliua)

Usichimbe. Likorisi halisi haioti kwenye miombo yetu; inaletwa kutoka nje, vijiti vya unene wa penseli, kahawia nje, njano ndani, vyenye nyuzinyuzi. Mturituri ni ule mmea unaotambaa, wenye punje nyekundu zenye doa jeusi ambazo watu hutungia shanga. Majani yake yana utamu, ndiyo maana watu huudhania kuwa likorisi. Lakini punje zile zina sumu ya abrini, na mtoto akitafuna hata chache anaweza kufa. Kama umeuotesha uani kwa ajili ya uzuri wake, ung'oe.

Mama yangu ameinywa miezi miwili, sasa miguu imevimba. (Kiloleni)

Aache leo. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi; shimo likibaki, hayo ni maji. Mpeleke apimwe presha, na penye maabara apimwe potasiamu na figo pia, maana miguu huvimba kwa sababu nyingi. Mwende na mabaki ya mizizi yenyewe, mumwonyeshe daktari. Akilegea miguu au moyo ukienda mbio ovyo, msisubiri kuche. Mwili unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi sawa, kwa hiyo presha iendelee kupimwa hata uvimbe ukishaisha.