Gemu nzito haiui kadi ya michoro isiyo na kasoro
Kadi ya michoro ya kompyuta (GPU) ikifa, wengi husema gemu ndiyo iliyoiunguza; huko ni kuisingizia. Kadi isiyo na kasoro hujilinda: joto likipanda mno inapunguza kasi yenyewe, likizidi inazima. Gemu hufichua tu udhaifu uliokuwepo. Mwaka 2021 New World, gemu ya Amazon, ililaumiwa kwa vifo vya kadi za RTX 3090, lakini EVGA, watengenezaji wa kadi, walipochunguza za kwao walikuta lehemu mbovu kwenye saketi za umeme. (Amazon nao waliweka kikomo cha fremu, yaani picha kwa sekunde, kwenye menyu, na menyu ndizo watu husahau kuziwekea kikomo.)

Ili kuipunguzia kadi joto, weka kikomo cha fremu kwenye draiva (programu inayoendesha kadi), kisizidi kasi ya skrini yako, mfano 60 au 144 kwa sekunde. Shusha kikomo cha umeme ambao kadi inaruhusiwa kutumia hadi asilimia 80 au 85: fremu zinapungua kidogo tu, joto linashuka sana. Toa vumbi. Sehemu ya moto zaidi ya chipu ikizidi joto la kawaida la chipu kwa nyuzi 30 za Selsiasi, huenda grisi inayopitisha joto kutoka kwenye chipu imekauka au hitsinki (chuma cha kupoza) haijakaa sawa.

Kompyuta ikizima ghafla katikati ya gemu, kagua kwanza pawa saplai. Kadi kubwa ipewe kebo tofauti kwa kila soketi, si kebo moja ya vichwa viwili.