Maswali yenu ya maua ya Japani: baridi ya Bukavu haiko baridi ya kule

Mesaji zimejaa tena, na nusu yake ni swali moja lenye nimeshajibu, basi nitaanza nalo tulimalize. Tunaongelea maua ya msitu na ya mlima ya Japani, yale yenye inakauka juu na kurudia kutoka mizizi: hepatika, hosta, glausidiumu, trilium na wenzake. Kivuli na mboji mnajua, sitarudilia.

Nilinunua mbegu ya hepatika kwa telefone, nikaiweka mu frizeri mwezi muzima, nikapanda, hakuna kitu. Nifanye nini? (Dada, Kadutu)

Utupe ile mbegu, uoshe vaze, upande kitu kingine ndani. Frizeri haiko frigo! Mbegu yenye iko na maji ndani ikigandishwa inaharibika, na yenye imekauka haipati faida yoyote mu barafu, inangoja tu. Yenye inatafutwa ni baridi ya digri 4 ao 5, na unyevu, kwa miezi miwili mitatu. Lakini kwako hata frigo haingesaidia, juu hepatika ya Japani, ile yukiwariso yenye watu wa Niigata wanaipenda sana, mbegu yake inaanguka ingali kijani na inataka kupandwa palepale. Ikishakauka mu anvelope miezi na miezi, mara nyingi imeshakufa mbele ifike kwako. Muuzaji anajua hiyo. Tena ukiona mtu anauza mbegu ya hosta yenye majani ya mistari meupe na jina lake kubwa kubwa, ujue ni uongo, hosta ya mistari haitoki vile ku mbegu, inagawanywa ku mizizi tu.

Hosta yangu ililetwa na mtoto wa shangazi. Mwaka wa kwanza majani ilikuwa kama sahani, wa pili kama kisahani cha chai, sasa ni kama kijiko. Naongeza mbolea kila mwezi na haisaidie. (Mama, Muhumba)

Mama, aksanti, wewe umeangalia mmea wako, wengi wananiandikia tu "imekufa" na wanataka nifanye muujiza.

Mbolea uiache. Hosta yako haikosi chakula, inakosa kulala. Hapa Bukavu tuko mu metre 1,500 hivi, mangaribi tunavaa puloveri, tunaona kama tuko na baridi, na njo pale watu wote wanapotea. Usiku wetu ni digri 14, 15. Hosta inahesabu masaa yenye inapita chini ya digri 5, na inataka wiki nyingi za namna ile. Hapa haitazipata hata usiku moja. Tena kuko habari ya mwangaza: Sapporo, kaskazini ya Japani, mwezi wa sita jua linakaa zaidi ya masaa 15, mwezi wa kumi na mbili linakaa karibu masaa 9. Sisi ni 12 kwa 12, Januari mpaka Desemba. Mmea haujui saa ya kulala wala saa ya kuamka, unatoa majani wakati wowote na akiba yake ile ya mu mizizi inaliwa kidogo kidogo, njo maana majani inazidi kupunguka kila mwaka. Ukiongeza mbolea unaisukuma itumie akiba mbio zaidi.

Sasa fanya hivi, tumia kipwa. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tano usiimwagie tena, uache majani igeuke njano yenyewe. Katikati ya mwezi wa sita uichimbe, osha mizizi, kata majani, uifunge mu vumbi la mbao ao mu majani ya moss yenye umeloanisha na kukamua mpaka haitoe tone, uitie mu sashe yenye matundu. Kisha mu frigo, chini, mbali na pale barafu inajijenga. Inakaa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, na mvua ya mwezi wa tisa ikianza unaipanda. Umeme ukikatika usifungue mlango kila saa kuangalia, jaza ile nafasi yenye inabakia na chupa za maji, hizo zinashika baridi. Usiku moja wa digri 10 hauharibu kazi ya wiki nane.

Mambo mawili yenye watu wanasahau. Avoka na ndizi zenye zinaiva zinatoa gazi yenye inaharibu vichipukizi, basi matunda itoke mu ile frigo ao mzizi utoke, sambaza haina shida. Na uandike jina juu ya sashe, juu mu nyumba kutakuwa mtu wa kufikiri ni tangawizi. Akiipika hatakufa, Wajapani wenyewe wanakula vichipukizi vya hosta, wanaita urui, lakini hosta yako itakuwa imeisha.

Mbele ya yote angalia majani karibu, mu jua. Ukiona rangi inamwagika kando ya mishipa sawa wino ku karatasi yenye maji, ile ni virusi ya hosta, haina dawa. Choma mmea, osha kisu na javeli, na usimgawie jirani kipande hata akuombe namna gani.

Na kama kazi hii yote ni mingi, acha hosta. Sioni haya kusema hivyo. Kuko watu hapa wanashika mimea ya theluji kwa ajili ya kupiga picha, mwaka wa tatu inakufa, wanaagiza ingine.

Unauza shirane-aoi? Bei?

Siuzi. Sijawahi kuuza. Shirane-aoi, ndiyo ile glausidiumu, kutoka mbegu mpaka ua la kwanza ni miaka mingi, na pale inaota, Hokkaido na kaskazini ya Honshu, inafunikwa na theluji. Usiniulize tena bei.

Sisi wa Goma tuko na mawe ya volkano kila pahali. Nilisoma komakusa inaota ku volkano za Japani. Haitakubali hapa? (Kaka, Goma)

Umesoma nusu. Kweli komakusa inapenda changarawe ya volkano, pale ku volkano ya Akita-Komagatake inaota mu mawe matupu yenye inateleza, mimea mingine haiwezi, mzizi wake unashuka chini sana kutafuta maji. Lakini nusu ingine ni hii: sehemu kubwa ya mwaka iko chini ya theluji, imelala. Sasa enda saa saba ya mchana uweke mkono juu ya lava ya 2002, kisha uniambie kama pale kuko theluji. Hata watu wa Tokyo wanashindwa kuishika komakusa mu bustani zao, joto ya kule chini inaiua.

Lakini ile mawe yenu ni mali, na munaitupa ku barabara. Chukua lava nyepesi yenye matundu, vunja, chekecha, ubakishe vipande vya milimetre 3 mpaka 6, osha vumbi mpaka maji itoke safi, changanya nusu kwa nusu na majani yenye imeoza. Wajapani wenyewe wanapanda maua ya mlima mu jiwe jepesi la Tochigi, wanaita kanuma, linashika maji na hewa pamoja. Yenu inafanya kazi ileile ya hewa. Tofauti ni moja: kanuma iko na asidi, mawe ya Nyiragongo haina. Na hapo tunaingia kwa Mama huyu.

Dada yangu aliniletea kirengeshoma kutoka Ubelgiji. Majani inageuka njano lakini mishipa inabakia kijani. Namwagia maji ya ziwa kila mangaribi, na nimeongeza majivu ya makala ili ipate nguvu. (Mama, Goma)

Majivu! Mama, nitasema polepole. Majivu ni ya maharagi na kabichi mu bulongo yenye asidi kali. Kirengeshoma ni mmea wa misitu ya ukungu ya Shikoku, Kyushu na pande za Kii, unataka bulongo yenye asidi kidogo, laini, yenye haikauki. Wewe umeupatia majivu, juu yake maji ya ziwa Kivu yenye pH yake (kipimo cha asidi, juu ya 7 asidi hakuna) inafika karibu 9, juu yake tena mawe yenye haina asidi. Chuma iko mu bulongo lakini mmea haiwezi kuichukua, na njo ile njano yenye unaona kati ya mishipa. Haiko ugonjwa, msikubali mtu awauzie dawa ya kupuliza.

Toa mmea, ondoa bulongo ya zamani ku mizizi, panda upya mu majani yenye imeoza ukichanganya na bulongo ya pande zenye wanalima chai, chai haiote pahali hakuna asidi. Maji iwe ya mvua tu. Weka fuu chini ya manjanja, mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa iache ipite juu inabeba vumbi yote ya kipwa, ya pili kamata. Majani yenye imeshakuwa njano haitarudia, angalia yenye inatoka mpya. Kisha habari ya baridi soma pale nimejibu Mama wa Muhumba, juu hata kirengeshoma inalala.

Naweza enda kuchimba maua ya kivuli pale Kahuzi nilinganishe na ya Japani? (Ndugu, Miti)

Hapana. Ni parki tangu 1970, iko ku orodha ya UNESCO tangu 1980, na tangu 1997 iko kati ya zile ziko mu hatari. Haikosi wa kuiharibu, usijiongeze. Japani wenyewe walishaona: kisiwa cha Rebun kiko na orkide moja nyeupe-njano yenye haipatikane pengine, wachimbaji waliibia karibu iishe, leo inachungwa na uzio. Kama unatafuta impatiensi na begonia za kwetu, kuko wamama wa Kabare wanazo ku uzio wa nyumba, omba kitawi, toa soda.

Hapa L'shi mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka. Si tutafaulu kuliko ninyi wa Kivu? (Papa, Lubumbashi)

Kidogo, Papa. Usiku wenu unashuka chini ya digri 10, na ile baridi inaangukia mu kipwa, mmea unapata kulala kweli. Shida inakuya nyuma: mwezi wa tisa na wa kumi joto inapita 30 na mvua bado, mmea unaamka mu tanuru. Mimea ya mlima sahau. Jaribu bletila, orkide ya bulongo yenye maua ya zambarau, inakauka yote mu kipwa na kuamka na maji, uiweke kivuli cha mchana. Lakini orkide zote ziko mu CITES, ule mkataba wa dunia wa kuchunga biashara ya mimea na nyama za pori, ukiagiza inje omba karatasi yake.

Torikabuto iko na ua la bluu mzuri sana, nipande kando ya jikoni? (Dada, Bagira)

Hapana, na kando ya jikoni ni hapana mara mbili. Iko na sumu ya kuua: Waainu, wenyeji wa zamani wa Hokkaido, walikuwa wanaipaka ku mishale ya kuwindia dubu. Mu Japani mpaka leo kuko watu wanachuma majani yake wakifikiri ni nirinso, mboga ya msituni yenye inafanana nayo na inaota pamoja nayo, wanaishia hospitali, wengine hawarudi. Sasa wewe uko na lengalenga pale, uko na watoto wenye unawatuma kuchuma mangaribi na giza. Hakuna.

Basi ni nini yenye inakubali hapa bila frigo? (wengi)

Sasa munauliza vizuri. Achaneni na mimea ya kaskazini ya Japani, tafuteni ya kusini: visiwa vya pande za Kyushu na pwani zenye haigande. Aspidistra ya kwanza, inavumilia kivuli cha ukuta, vumbi, mbuzi kupita. Ukiwa nayo, mara moja piga magoti utenganishe majani: ua lake linafunguka palepale usawa wa bulongo, zambarau ya giza, nene sawa nyama, watu wanaishi nayo miaka hawajaliona. Farfugiumu nayo, majani ya mviringo yenye kungaa na maua ya njano, inapenda hewa ya ziwa. Ofiopogoni kwa kushika bulongo ku milima yetu hii ya erozyo, inafanya kazi kuliko ile majani munanunua bei. Trisirtisi, ile yenye madoadoa, jaribu pahali haikauki, ikilala kidogo mu kipwa usiichimbe kuangalia kama iko hai.

Shemeji anarudi kutoka Tokyo mwezi ujao, atie mizizi mu valizi? (Kaka, Nguba)

Bila sertifika ya afya ya mimea, hapana. Mnyauko wa ndizi ulionekana Masisi mu 2001, na wenye walikuwa na shamba wanajua ulitembea namna gani na vipande vya mimea na panga zenye haikuoshwa. Aombe ile karatasi kule, mizizi ioshwe isibakie hata punje ya bulongo. Akishindwa kuipata, akuletee kisu kizuri cha kukatia mimea, hicho Wajapani wanatengeneza vizuri sana.