Muulize Fundi: Linux rahisi, Linux yako

SWALI: Kaka fundi, salaam. Nina duka la stesheni hapa Morogoro: natoa kopi, naprinti, nachapa barua na CV. Kompyuta yangu ni Dell ya zamani yenye memori ya GB 4. Windows 10 iliyomo ilifikia mwisho wa kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa mashine hii. Mtoto wa kaka yangu, yupo chuo, ananiambia nihamie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, aina iitwayo Arch: "Shangazi, weka Arch, mashine iwe yako kweli." Fundi wa jirani anasema niweke aina nyingine, Linux Mint, kwa kuwa ni rahisi. Kijana anajibu kwamba ukiona rahisi, ujue kuna mtu amekuamulia. Nimsikilize nani?
Mama Stesheni, Morogoro

JIBU: Dada yangu, weka Mint, toleo lake la Xfce ambalo ni jepesi kwa memori ya GB 4. Lakini kijana usimpuuze. Jambo alilolishika ni zito, ila dawa aliyokuandikia siyo ya duka lako.

Ni kweli, kuna mtu amekuamulia. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoleta Ubuntu, nayo aina ya Linux (jina hilo ni ndugu wa damu wa neno letu utu), yeye na wenzake walichukua Debian, mfumo wa Linux uliokuwepo tangu 1993, wakawachagulia watu mapema: kivinjari kimoja, programu moja ya kuandikia, vyote kwenye CD moja. CD hizo zilikuwa zikitumwa bure kwa posta. Yangu niliipokea Tanga mwaka 2007, na jioni ileile mashine ikawaka bila mimi kujua hata amri moja. Kama ningeanzia kwenye skrini nyeusi ya kuandika amri, ningerudisha bahasha kabatini. Ndiyo maana sikubali mtu adharau wepesi.

Ninachokagua mimi ni viwili: je, mfumo unaniambia umeamua nini? Na nikikataa, naweza kuubadilisha bila kuubomoa?

Chukua kisa cha Snap, njia ya kufungasha programu inayotoka kwa kampuni ya Ubuntu yenyewe. Mwaka 2020, kwenye Ubuntu 20.04, ulikuwa ukiandika amri ileile ya zamani ya kusakinisha programu, apt, kuomba kivinjari cha Chromium, unaletewa cha Snap. Na programu za Snap hujisasisha zenyewe. Mfumo hukagua mara nne kwa siku. Kwa miaka kadhaa mtumiaji aliweza kuahirisha tu, asiweze kusimamisha kabisa. Amri ya kusimamisha ilikuja mwishoni mwa 2022. Hapo wepesi uliingia mahali ambapo mwenye mashine hakuulizwa, na mimi hilo liliniuma, kwa sababu Ubuntu ndiyo iliyonilea.

Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, mwaka huohuo wa 2020 ilizuia Snap isiingie kimyakimya. Nao ni uamuzi, usidhani vingine! Tofauti ni kwamba waliutangaza, na kizuizi chenyewe ni faili moja dogo liitwalo nosnap.pref. Ukiitaka Snap, unaliondoa faili hilo, kisha unaisakinisha. Uamuzi wa namna hiyo naukubali, maana ufunguo wameniachia.

Sasa Arch. Naipenda, na maelezo yake ya mtandaoni nayasoma hata ninapotengeneza mashine za Mint. Lakini haina matoleo ya kukaa nayo miaka. Inasonga kila siku, na inamtaka mwenyewe asome matangazo yake kabla ya kusasisha. Niliwahi kumwekea mteja mmoja mwenye duka kama lako. Akakaa karibu mwaka bila kuigusa kwa kukosa bando. Siku aliyosasisha, mfumo ukakataa vifurushi vyote vya programu, kwa kuwa funguo za kuhakiki kwamba vifurushi hivyo ni halisi zilikuwa zimepitwa na wakati. Dawa yake ni ya dakika mbili kwa anayeijua: unaanza na kifurushi cha funguo, archlinux-keyring, ndipo uendelee na mengine. Yeye hakuijua, na mimi nilikuwa safarini. Mitihani ya shule ya jirani ikaenda kuchapwa kwingine. Alikuwa na uhuru wote wa mashine ile, ila hakuwa na muda wa kuutumia. Kosa lilikuwa langu, nilimpa nilichokipenda mimi.

Kwenye Mint utakuta Kidhibiti cha Masasisho. Kinakuonyesha kila sasisho na ukubwa wake, nawe unachagua la kuchukua leo na la kuacha hadi bando liingie. Kisha washa Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili ukiharibika urudi ulipokuwa jana. Haihifadhi barua za wateja, hizo zinakilie kwenye diski ya nje.

Kabla ya yote, washa mashine kwa flashi yenye Mint bila kusakinisha chochote, uunganishe printa yako, utoe kurasa mbili. Ikigoma, niandikie modeli ya printa kabla hujafuta Windows. Na huyo kijana mwambie akae nawe siku ya kusakinisha. Anajua mengi.

SWALI: Fundi, shikamoo. Natumia Ubuntu kwa bando la simu. Nikiacha kompyuta imeunganishwa usiku, asubuhi MB zimepungua. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike: sudo snap refresh --hold. Snap zitaacha kujisasisha zenyewe. Kisha kwenye mipangilio ya programu na masasisho, zima ukaguzi wa kila siku. Ukipata intaneti ya chuo, andika sudo snap refresh, halafu sudo apt update na sudo apt upgrade. Panga siku maalumu, mfano kila Ijumaa, maana masasisho ya usalama sasa yanakungoja wewe.