Gobore la kwanza: fataki au gumegume?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza uanze na gumegume (gobore linalowashwa kwa cheche za jiwe) au la fataki (linalowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa), na kama kaliba .45 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) inatosha: chukua la fataki, kaliba .50. Gumegume lina raha yake, nami nalipenda, lakini linataka jiwe lenye makali, baruti nyeusi halisi kwenye kisahani cha kuwashia, na mkono usioshtuka cheche zikiruka karibu na uso. Mwanzoni hutajua kama umekosa shabaha kwa sababu yako au ya jiwe. .45 si mbaya kwa shabaha tu, ila risasi na vifaa vya .50 ni rahisi zaidi kupata.

Kitu ambacho wengi hawaulizi ni msokoto wa michirizi ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Ukitaka kupiga risasi ya duara iliyofungwa kitambaa, tafuta msokoto wa polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 60 hivi. Inchi 48 ni wa kati, unavumilia duara na ndefu pia. Wa haraka, inchi 28, umekusudiwa risasi ndefu.

Ukinunua lililotumika, kabla ya yote tumbukiza mdeki (fimbo ya kushindilia) upime kina, ulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje: magobore mengi ya zamani hukutwa bado yameshindiliwa! Kisha pitisha kitambaa uone kutu.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi usiitie kabisa, itapasua mtutu. Na osha kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ukaushe, upake mafuta. Kesho ni kuchelewa.