Kabla ya Kupeleka Mzigo Malawi, Uliza Wanatumia Bandari Gani

Wenzangu wa Kyela, Tukuyu na Mbeya wanaotaka kuvuka mpaka wa Kasumulu na mzigo kwenda Malawi huanza na swali la bei. Mchele Mzuzu unaendaje? Vitunguu Lilongwe vimefika wapi? Swali si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: huyo unayetaka kumuuzia, bidhaa zake kwa kawaida zinapitia bandari gani? Nimeuza nafaka upande ule kwa miaka mingi, na wengi niliowaona wakirudi na hasara walikuwa wameichukulia Malawi kama wilaya ya jirani iliyo ng'ambo ya daraja. Malawi haina bahari, na jambo hilo moja linafika mpaka kwenye bei ya kipande cha sabuni.

Chukua ramani. Nchi imelala kwa urefu kutoka kaskazini kwenda kusini, takribani kilomita 850, na ni nyembamba. Upande wa mashariki kuna ziwa, ambalo peke yake linachukua karibu sehemu moja ya tano ya eneo lote la nchi. Ukivuka Mto Songwe ulio mpakani, Karonga ni kilomita arobaini na kitu. Kutoka Karonga hadi Mzuzu ni zaidi ya kilomita 200, Mzuzu hadi Lilongwe zaidi ya 350, na Lilongwe hadi Blantyre zaidi ya 300. Mtu wa Karonga na mtu wa Blantyre ni raia wa nchi moja, lakini soko lao si moja. Wa Karonga anategemea Dar es Salaam. Wa Blantyre anategemea Beira na Nacala, kule Msumbiji, na kwake Beira ni takribani nusu ya umbali wa kwenda Dar.

Ndiyo maana ukiingia maduka ya Karonga unajiona kama hujaondoka nyumbani. Vitenge, mabeseni, magodoro, vyote unavijua, vingi vimepanda gari Kariakoo. Kadiri unavyoshuka kusini bidhaa zinabadilika, na bidhaa za Afrika Kusini zinaongezeka. Kwa hiyo kitu kilichokupa faida Karonga kinaweza kukufia mikononi Blantyre, kwa sababu mwenzako amekipitisha njia fupi kuliko yako. Mimi huwaambia wanaoanza wasivuke Mzuzu kabla hawajapajua vizuri. Lakini pia wajue kwamba kaskazini watu ni wachache. Sensa ya 2018 ilihesabu watu milioni 17.5 nchi nzima, na mkoa wa kaskazini ulikuwa na milioni 2.3 tu. Mkoa wa kati na wa kusini kila mmoja ulikuwa na zaidi ya milioni saba. Soko la karibu ni jembamba, soko nene liko mbali. Hesabu yako yote ya nauli ianzie hapo.

Njia hizi za baharini hazikuwa salama siku zote. Wakati wa vita vya Msumbiji, miaka ya 1980, reli za Beira na Nacala zilikatika, na Malawi ikalazimika kuzunguka hadi Durban, Afrika Kusini, au kupitia kwetu. Watu wazima wa kule wanaikumbuka hali hiyo vizuri sana. Ukimwona mwenye duka wa Lilongwe anang'ang'ania kuweka akiba ya sukari na mafuta ya kula hata kama bei leo ni nzuri, usimwone mwoga. Amezaliwa katika nchi ambayo njia ya kuleta bidhaa hupita kwenye ardhi ya mwingine.

Sasa mchele, maana ndio watu wa Kyela tunaoujua. Usiupeleke Karonga kwa matumaini ya kuwashangaza. Karonga wanalima mchele, na mzuri. Aina inayosifika Malawi nzima wanaiita Kilombero, na jina limetoka huku kwetu. Mlaji wa Lilongwe anaijua harufu yake na anaidai. Ukimpelekea mchele uliochanganywa atauchota kiganjani, ataunusa, atazirudisha punje kwenye gunia taratibu na kukwambia asante. Hakukasirikii, lakini hanunui. Peleka daraja la juu, ulilochambua mwenyewe, au peleka kitu kingine kabisa.

Kingine cha kukijua ni lini watu wana pesa. Malawi mvua ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mavuno ya mahindi ni Aprili na Mei. Tumbaku ndiyo inayoingiza fedha nyingi za kigeni, na minada yake hufunguliwa mnamo Aprili. Kuanzia hapo hadi Agosti mkulima wa mkoa wa kati ana hela mfukoni: anaezeka bati, ananunua baiskeli, vitenge, godoro. Ukimletea vitu hivyo Januari utakaa navyo. Kuanzia Desemba hadi Machi ghala za wengi zimekwisha, na kila kwacha inatafuta unga. Huo ni wakati mgumu, na nawaomba wenzangu tusiutumie kumkamua mtu. Mteja uliyemuuzia kwa bei ya haki mwezi wa njaa atakutafuta mwenyewe mwezi wa tumbaku. Nina wateja Mzimba walionijia hivyo, na bado ninao.

Kuhusu fedha nitasema kwa msisitizo: usilaze kwacha nyingi. Nchi inayonunua mafuta, mbolea na dawa kwa dola, na inayouza hasa tumbaku, chai na sukari, dola huipungukia. Novemba 2023 benki kuu yao ilishusha thamani ya kwacha kwa mkupuo, kutoka takribani 1,180 kwa dola moja hadi 1,700. Aliyelala na kwacha za mauzo ya wiki nzima aliamka na pengo ambalo hakulifanya yeye. Mwaka uliotangulia, Mei 2022, walikuwa wameshaishusha pia. Mimi nikiuza, narudi na bidhaa inayotakiwa huku, au nabadilisha mapema katika sehemu halali, na kukopesha kwa kwacha nimeacha kabisa isipokuwa kwa watu wawili watatu tunaofahamiana. Upungufu huohuo wa dola ndio unaoleta foleni za mafuta. Gari ikiondoka Kasumulu iwe imejaa tangi, na dereva awe na uhakika wa kituo cha mbele. Mzigo wa nyanya haungoji foleni.

Barabara kuu ni moja, M1, na inapita karibu na ziwa hadi Chiweta, halafu inapanda mlima mkali kuelekea Rumphi. Ziwa liko mita 474 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kupanda ni kupanda kweli, kona juu ya kona, na ukitazama chini unaona maji ya bluu mpaka macho yanachoka. Wakati wa masika udongo huporomoka pale. Usimruhusu dereva apande usiku mvua inaponyesha, hata kama mteja anapiga simu kila dakika kumi. Mto Songwe wenyewe nao hufurika na kubadilisha mkondo, mpaka wakulima wa pande zote mbili hukuta shamba limehamia ng'ambo.

Umeme pia unatokana na ziwa hilo. Maji yake hutoka kwa Mto Shire kuelekea Zambezi, na mitambo mikubwa ya umeme ya Malawi imepangwa kwenye mto huo mmoja. Januari 2022 tufani ya Ana iliharibu bwawa la Kapichira, na nchi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, Machi 2023, tufani ya Freddy iliua mamia ya watu kusini, hasa Blantyre, ambako udongo na mawe ya milimani yaliangukia nyumba za watu wamelala. Anayetaka kufungua bucha au duka la samaki wa barafu Malawi aanze na hesabu ya jenereta au sola, ndipo aulize kodi ya fremu.

Watu wenyewe ndio sababu ninayoendelea kwenda. Karonga kuna Wangonde, ndugu wa damu wa Wanyakyusa. Kinyakyusa changu wanakielewa bila shida, migomba yao ni ileile, misiba yao ni ileile. Kiswahili hapo kinakutosha. Mzuzu unaingia kwa Watumbuka, na Mzimba kuna Wangoni, wa asili moja na wale wa Songea, waliotoka kusini mwa Afrika karne ya 19. Mkoa wa kati ni wa Wachewa. Kusini, Mangochi, wapo Wayao, wengi wao Waislamu, na Myao wa Tunduru akifika kule anapokelewa kama mtoto wa nyumbani. Nkhotakota, kwenye ufuo wa ziwa, palikuwa na watawala walioitwa Jumbe, wenye asili ya pwani yetu, walioanzisha kituo cha biashara katikati ya karne ya 19. Biashara yao ilikuwa pembe za ndovu na watumwa, na wazee wa kule hawajaisahau. Tunapoingia leo na magunia, ni vizuri tujue kwamba kabla yetu walipita watu wa pwani waliochukua watu.

Salimia kabla ya kuuliza bei. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa umeegesha vibaya. Sema muli bwanji, yaani hamjambo, ungoje ajibu, naye akuulize, umjibu. Mtu mzima mwite bambo (baba) au mayi (mama). Ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Msambazaji anayeingia dukani akipaza sauti kama yuko stendi ya Mbeya ataambiwa bidhaa hazitakiwi, hata kama zinatakiwa sana. Ukikutana na wacheza ngoma wa Gule Wamkulu waliovaa vinyago barabarani upande wa Wachewa, simama pembeni, usipige picha, usicheke. Ni ibada yao. Suala la mpaka wa ziwani nalo liachie serikali zetu mbili, usilifungue mezani.

Wakikukaribisha chakula, kaa ule. Ugali wao, nsima, ni laini kuliko wetu. Mama anachovya kijiko kipana kwenye maji, anachota, anaugeuza kwenye sahani kipande kimoja kimoja, vimepangana vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Mboga yake mara nyingi ni usipa, dagaa wa ziwani. Chilumba utawaona wanawake wakiwaanika kwenye chanja ndefu za matete ufukweni, wanawapindua kwa viganja, na kunguru hawakai mbali. Thobwa utaijua mara moja ukiionja, ni togwa yetu. Mara nyingi bei nzuri niliipata baada ya kula, sikuipata nikiwa nimesimama kaunta.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na hawahesabu saa kama sisi. Ukipatana na mtu asubuhi, tajeni wote wawili muda wa Malawi kwa hesabu ya Kizungu, mrudie mara mbili. Nimeshaona gari la ndizi likisubiri pasipo na mtu kwa sababu hiyo tu.

Mwisho ni karatasi. Raia wa Tanzania haombi viza, lakini mzigo wako una masharti yake. Tulijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, kwa hiyo unafuu wa ushuru unaupata kwa cheti cha uasilia (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. Masharti hubadilika ghafla. Desemba 2023 Malawi ilizuia mahindi yasiyosagwa kutoka Tanzania na Kenya kwa sababu ya ugonjwa wa mahindi. Machi 2025 ikazuia mazao kadhaa kuingia, yakiwemo mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao na mbolea inayopitia kwetu, na kabla mwezi haujaisha zuio letu likaondolewa baada ya mazungumzo. Kati ya hapo kuna waliokuwa na ndizi zinaiva ndani ya magari pale mpakani. Kwa hiyo siku ya kupakia, kabla turubai halijafungwa, mpigie wakala wako wa forodha aliyeko Songwe upande wa Malawi, si wa Kasumulu peke yake, umuulize kama bidhaa hiyo hiyo imepita leo asubuhi. Akisema jana ilipita, subiri mpaka akuhakikishie ya leo.