Begi la maji: kuosha si kazi, kazi ni kulikausha

Nazungumzia lile begi la mgongoni la safari, lenye mfuko wa plastiki wa maji na mrija wa kunywea. Mtu wa Dodoma akitundika mfuko huo jioni, asubuhi anaukuta mkavu. Sisi wa Tanga tuna hewa ya bahari, na masika yakishika hata taulo halikauki vizuri. Kwa hiyo yale maelekezo ya kwenye boksi, suuza kisha anika, huku kwetu ni nusu ya kazi.

Kuosha nitapita haraka. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, suuza mpaka povu liishe. Maji ya kuchemka usitie, yanaharibu plastiki. Harufu ikigoma, kamulia ndimu uache kwa saa moja. Ukiona madoa meusi ya ukungu, tia jiki, kijiko cha chai kwenye mfuko wa lita 2 uliojaa maji, kisha suuza sana. Ila jiki na ndimu visikutane kabisa: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na hiyo haichezewi.

Mrija ndio wenye mambo. Uchomoe, uvue na ile chuchu ya kung'ata, maana utelezi hupenda kukaa kwenye mpasuko wake. Mimi hupitisha mshipi wa kuvulia wenye fundo la kitambaa, nikauvuta kutoka upande huu hadi ule. Kinachotoka ni kama makamasi (samahani kwa anayekula). Baada ya hapo toka uani, shika ncha moja, uzungushe mrija hewani kwa nguvu mpaka uache kurusha matone. Ukiwa na watoto nyumbani, kazi hii watakunyang'anya.

Mfuko nao, kuta zikigandana haukauki ng'o. Ingiza mwiko safi uziachanishe, utundike mdomo chini, kivulini panapopita upepo. Jua la saa saba linakausha upesi, lakini ukilizoesha plastiki hukakamaa.

Mwenye friji yenye friza amepona: kung'uta maji, weka mfuko na mrija humo hadi safari ijayo. Ukungu hauoti kwenye barafu. Tumia kopo lenye mfuniko, usije ukanywa maji yenye harufu ya kibua.

Juisi ya ukwaju na madafu usiyatie humo. Sukari ikibaki kwenye mrija, kwa joto letu, umeshaukaribisha ukungu. Ukipanda msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, kutoka Muheza, dafu linywe palepale kwa muuzaji, mfuko ubaki na maji matupu.